Mama Mkwe na Joko la Ukutani

Wageni walifika kabla ya wakati, na Annie alikuwa bado na kitambaa cha kulalia kichwani.

Ilikuwa Jumamosi ya kujitambulisha. Familia ya Jérémie ilikuja mtaani Kampemba kuwaona Annie na mumewe, wazazi wa Deborah, msichana ambaye Jérémie alitaka kumuoa. Mbele alitembea mama yake, Kahambu, mfanyabiashara wa jumla aliyehamia Lubumbashi kutoka Butembo, ambaye soko zima lilimjua kwa kusema machache na kutocheka kabisa. Nyuma yake alikuja shemeji yake Constantin, msemaji wa familia, amevaa koti zito na midomo inachezacheza, maana hotuba yake aliikariri tangu alfajiri.

"Karibuni, mukae, mukae!" alisema Liévin, mume wa Annie, mwalimu mstaafu wa jiografia, huku akimalizia kufunga vifungo vya shati.

Annie alikimbilia jikoni. Chakula kilikuwa kimeiva tangu asubuhi lakini kilishapoa, na makaa kwenye mbabula, lile jiko la mkaa, yalibaki majivu matupu. Hata hivyo hakuogopa. Ndani ya kabati la ukutani mlikuwa na joko la mikro-onde, la kupashia chakula kwa umeme, lililojengewa humo na wenye nyumba wa kwanza. Lilikuwa zee, namba zimefutika kwenye vitufe vyake, lakini Annie alilipenda kuliko chombo chochote cha jikoni. Akaingiza bakuli la kuku, akabonyeza. Taa ikawaka, sahani ikaanza kuzunguka. Halafu, kuku akiwa bado wa baridi, kila kitu kikazimika, hata ile saa ya kijani iliyokuwa ikiwaka mchana na usiku.

"Yezu Maria! Leo? Leo njo unanifanya hivi?"

Liévin alimsikia, akaja. "Imezima tena?"

"Imezima."

Akalipiga kofi ubavuni, kama alivyozoea. Halikushtuka. Akaongeza la pili.

"Papa, uache kuipiga," ilisema sauti mlangoni. "Haiko punda."

Alikuwa Kahambu, mkoba mkononi. Annie alitamani sakafu ipasuke immeze. Mama mkwe wa binti yake, ndani ya jikoni, kabla hata hajapewa glasi ya maji!

"Maman, urudie ku salon, tafazali. Ni kintu kidogo tu."

Kahambu hakurudi sebuleni. "Inazima yote, ao saa inabakia?"

"Inazima yote."

"Kiisha inarudia yenyewe?"

"Ndiyo. Ikipumuzika kidogo, inarudia. Inafanya vile juma mbili sasa."

Kahambu akaweka mkoba juu ya meza. "Ni joto. Iko na kintu ndani yenye kukata courant ya umeme wakati joto inapita mupaka. Lakini tuanze na prise. Mulete taa."

Deborah alileta taa ya mezani. Waliichomeka kwenye soketi ya joko, ikawaka vizuri.

"Prise haina kosa. Basi tutoshe mashini. Tournevis iko?"

Jérémie, aliyekuwa amemfuata mama yake, alibaki mdomo wazi. "Maman, unajua kutengeneza?"

"Nani alikuambia mi nilizaliwa mu biashara?"

Ndipo mwanawe aliposikia kwa mara ya kwanza kwamba babu yake wa Butembo alikuwa fundi wa redio, pasi za nguo na majoko, na kwamba Kahambu alikaa mezani pake miaka yote ya usichana wake. Alipoolewa akaingia biashara, na tangu hapo hakuna aliyemuuliza habari za bisibisi.

Deborah alileta bisibisi, na skrubu za fremu zikatoka. Liévin alishika upande mmoja, Jérémie mwingine, wakalivuta joko taratibu na kulilaza sakafuni. Kahambu alipiga magoti kwenye vigae na kikwembe chake kipya, kitenge cha kujifunga, akaingiza mkono ndani ya uwazi wa kabati. Palikuwa na joto kama la mbabula. Chini, pale hewa ilipopaswa kuingia, vidole vyake vikagusa ubao laini, uliopakwa vanishi na kupigiliwa misumari kwa ustadi.

"Nani alitia hii mbao?"

Liévin aliupigilia mwenyewe ubao ule ili mijusi isipite, na ili buko, yaani wakwe, huyu mama na watu wake, wakija wakute jikoni nadhifu.

"Ni miye," alisema.

"Na miye nilisema iko muzuri sana," Annie aliongeza haraka, maana hakutaka mumewe aaibike peke yake.

Kahambu aliutazama ubao, akamtazama Liévin. Mabega yake yakaanza kutikisika. Annie alidhani analia, akasogea kumshika.

"Papa Liévin!" alisema Kahambu, machozi ya kicheko yakimtiririka. "Ulifunga muntu pua, kiisha unamupiga makofi juu hapumue!"

Kicheko kikawashika wote. Liévin alijaribu kubaki na uso wa mwalimu, akashindwa, akaegemea ukuta akishika tumbo.

Kahambu akafungua kifuniko cha joko. "Hapa musiguse. Iko kintu inatunza moto hata kama ulishatosha fishi ya waya mu prise." Akashika bisibisi kwenye mpini wa plastiki, akagusisha ncha yake mahali alipojua umeme umebaki. Tak! Cheche ndogo ikaruka. Constantin, aliyekuwa amesogea kuchungulia, aliruka nyuma na koti lake lote hadi akaangusha sufuria mbili.

"Sasa haina moto tena," alisema Kahambu. "Shemeji, uko mwenye uzima?"

Feni ya nyuma ilikuwa imenata kwa mafuta na vumbi, haizunguki hata kwa kusukumwa. Kahambu aliisugua kwa mswaki wa zamani, akaomba mafuta ya mashine ya kushonea, akatia matone kwenye ekseli. Aliisukuma kwa kidole, ikazunguka nyepesi kama mtoto anayecheza. Liévin mwenyewe aling'oa ubao wake.

Walirudisha joko mahali pake, wakatia kikombe cha maji. Wote walisimama wakiangalia kioo kama watu wanaotazama penalti. Upepo wa vuguvugu ukaanza kutoka kwenye matundu. Maji yakachemka, na saa ya kijani haikuzimika.

"Oyee!" alipiga kelele Annie, akamkumbatia Kahambu kabla hajakumbuka kumuogopa.

Kuku akapashwa. Liévin akasema sasa warudi sebuleni. "Ku salon kufanya nini?" aliuliza Kahambu. "Kuku iko hapa."

Basi wakala kuku na bukari, ule ugali wao, palepale, wengine wameketi, wengine wamesimama. Constantin hakukubali hotuba yake ipotee. Alisimama kati ya sinki na kabati, akakohoa.

"Bazazi bapenzi, tulipita mu njia, tukaona maua mu lupango yenu, ndani ya kiwanja. Tukajiuliza, ile maua iko na mwenyewe? Tulikuja kuuliza kama..."

Ting! Joko likalia, maana Annie alikuwa ameingiza bakuli la sombe, mboga ya kisamvu.

"Imeitika ndiyo!" alisema Liévin, na vicheko vikaanza upya. Hata hivyo ilibidi Deborah aulizwe mwenyewe, kama inavyopasa. Alijibu ndiyo na mdomo umejaa kuku, Jérémie akainamisha kichwa kuficha machozi ya furaha.

Jua lilipopungua, wageni waliaga. Kikwembe cha Kahambu kilikuwa na baka jeusi la grisi kutoka gotini hadi pindoni, kwa hiyo Annie alimtolea chake cha buluu, kile cha sikukuu. Kahambu alijifunga, akajitazama kwenye kioo cha mlangoni, akageuka upande huu na ule.

"Buko," alisema, "hii sikurudishii."

Wakacheka tena, wakatoka pamoja hadi barabarani wameshikana mikono.