Soksi za Karani

Jumamosi saa tisa alasiri, katika chumba cha nyuma ya maktaba, karani mstaafu alifunga ncha ya uzi, akaweka mezani jozi yake ya kwanza ya soksi. Daktari alikuwa amemwambia aishughulishe mikono isije ikakakamaa, ndipo akajiunga na kikundi cha wafumaji, watu kumi na mmoja, kila mmoja na kikapu chake. Alikuwa amefuma kwa kipimo cha mguu wake mwenyewe. Zilitoka soksi za mtoto mchanga.

"Umebana uzi," alisema Mama Kofia, kiongozi wao, aliyeitwa hivyo kwa sababu kofia tu ndiyo aliyoiweza kwa miaka mingi.

Fundi bomba, aliyeketi kando, akahesabu vitanzi. "Sitini na vinne. Hesabu haina kosa, mzee. Labda sindano."

Wakambadilishia sindano. Juma la pili zikatoka za mtoto anayesimama dede. La tatu, za mtoto wa shule. Karani alivua miwani, akaifuta, akahesabu upya; akili ikamgomea. Wenzake hawakumcheka. Kila mmoja alikuwa na kasoro yake. Skafu za fundi bomba zilivuja maji hata zikiwa kabatini. Walimfundisha kugeuza kisigino cha soksi, na kutofumua kazi kwa hasira.

"Mguu unakua," Mama Kofia alimwambia. "Mikono yako inamjua mwenye mguu. Wewe ndiye uliyechelewa."

Juma la kumi zikatoka za mwanamke mzima, ya kushoto ikiwa na umbo la kidole kidogo kilichopinda kwenda nje. Karani alikitazama sana. Chake kilipinda vivyo hivyo, na cha marehemu mama yake.

Hapo soksi zote zikashuka kutoka kikapuni, ndogo mbele, kubwa nyuma, zikatoka nje. Karani akazifuata, na kikundi kikamfuata yeye. Zilisubiri magari yapite, zikavuka barabara, zikasimama kwenye mlango wa fundi simu.

Akafungua mwanamke wa miaka thelathini na kitu, bisibisi mkononi. Akaziokota jozi moja moja, akachungulia mishono kwa ndani kama afanyavyo fundi.

"Kazi safi," alisema. "Mama aliniambia una mikono mizuri. Mengine hakuyasifu."

"Nilikuwa napita tu," alisema Karani.

"Hilo pia aliniambia."

Mama Kofia akamsukuma kwa kiwiko. "Sema neno, baba."

Karani alivua miwani, akaifuta.

"Zifuliwe kwa maji baridi," alisema.

Mwanamke akaitikia kwa kichwa, akafunga mlango. Wengine wakarudi kukunja viti.

Nyumbani, mkewe, aliyemzalia wana watatu na hakuwahi kusikia habari ya binti, alikuta kikapu kitupu.

"Hizo soksi zote unamfumia nani, baba watoto?"

"Hakuna mtu," alisema Karani. "Najifunza tu."