Siki ya Bi Kadzo

Fondo alipomwona Bi Kadzo akiingia maabarani na chupa ya siki kwapani, alitamani kujificha nyuma ya friji. Huyu ndiye mamake Mirriam, na Mirriam ndiye msichana ambaye wazee wa kina Fondo walikuwa wamekwenda kumposa Mji wa Kale mwezi uliopita. Wazee walipokewa vizuri, wakalishwa wakashiba, kisha wakaambiwa wangoje jibu. Mpaka leo wanangoja. Mirriam akiulizwa, husema, "Muulize mama," na Fondo hakuwa na ubavu wa kumuuliza Bi Kadzo hata saa.

Bi Kadzo ni mashuhuri kwa achari yake ya maembe. Siki huitengeneza mwenyewe, kwa tembo la mnazi linaloletwa kutoka kwao Kaloleni, na ukiifungua chupa yake lazima upige chafya. Sasa hoteli moja ya watalii ilikuwa tayari kuchukua achari hiyo, ila ilitaka kwanza cheti cha maabara kwamba siki ina asidi isiyopungua asilimia nne.

"Nimesikia wewe ndiwe upimaye," akasema, akijiweka juu ya kigoda bila kukaribishwa. "Basi pima. Nami nitakaa papa hapa nione."

"Ndiyo, Mama," Fondo akasema, akiitazama sakafu.

Ikumbukwe kwamba Fondo ni Mgiriama aliyelelewa akalelewa. Kwao mama mkwe hatazamwi usoni, hapitwi karibu, wala hatajiwi mambo ya ovyo, na anayetarajiwa kuwa mkwe huheshimiwa zaidi, maana bado ana nafasi ya kukataa. Maabara yenyewe, huko Ganjoni, ni chumba chembamba. Meza ya kupimia imeegemezwa ukutani, na kigoda cha Bi Kadzo kilikuwa nyuma ya mgongo wa Fondo moja kwa moja.

Fondo akapima siki kidogo kwa pipeti, akaitia kwenye chupa ya koni, akaongeza matone ya dawa inayobadilika rangi. Juu yake ikasimama bureti, ule mrija mrefu wa kioo wenye namba ubavuni, umejaa alkali, dawa inayoua asidi. Namba ya kuanzia ilikuwa karibu na uso wake, akaisoma vizuri. Akafungua koki. Tone kwa tone alkali ikashuka, mpaka siki ikageuka waridi na isirudi. Sasa ilibaki kusoma alkali imeshuka hadi wapi, na ilikuwa imeshuka mbali, chini ya kifua chake.

Kila mwanafunzi hufundishwa kwamba hapo huna budi kuinama, jicho liwe sawa na uso wa maji. Fondo ni mrefu kama mlingoti. Kuinama kwake kungemaanisha kumwelekezea Bi Kadzo kile ambacho mkwe haelekezewi, tena kutoka karibu, tena ndani ya suruali iliyokuwa inambana.

Hakuinama. Alisimama wima kama askari wa gwaride, akateremsha macho peke yake, akasoma.

Sasa, bureti huhesabu kutoka juu kwenda chini. Ukiitazama kutoka juu, jicho hukata kona, likakusomea namba pungufu. Namba ikipungua, asidi nayo hupungua kwenye jibu, kwa sababu hesabu haina habari kwamba wewe ulikuwa unaona haya. Fondo akakokotoa mara mbili, jasho likimtoka. Asilimia tatu nukta tisa.

"Vipi?" akauliza Bi Kadzo.

"Imepungua kidogo, Mama."

"Imepungua nini?"

"Ukali."

Kisha Bi Kadzo akasema polepole, "Yaani waniambia siki yangu ni maji? Wazee wenu waje kwangu wale achari bakuli zima, wewe uje kuniambia siki ni maji?"

Fondo akaiona ndoa yake ikipanda basi la Mwembe Tayari na kwenda zake bara. "Nitarudia, Mama!" akasema haraka, akaisuuza ile chupa ya koni kwa maji safi. Mara akaitwa chumba cha pili kupokea sampuli za maji ya kisima.

Huku nyuma, Bi Kadzo akaitazama ile chupa ya koni ikichuruzika maji, akachukizwa. Mtengeneza achari yeyote anajua kwamba chupa haisuuzwi kwa maji, itaota ukungu. Husuuzwa kwa siki. Basi akaichukua, akaisuuza kwa siki yake, akaikung'uta, akairudisha mahali pake kwa moyo mweupe kabisa. Matone yaliyobaki mle ndani hayakuonekana na mtu.

Fondo aliporudi, alipima tena, na tena hakuinama. Alkali ilishuka ikashuka, siki haikutaka kugeuka. Jibu likawa asilimia nne nukta nane.

"Umeona!" Bi Kadzo akapiga makofi.

Aliyeingia kwa makofi hayo alikuwa Mutanu, mkuu wa maabara, mama wa Kikamba asiyejua kucheka saa za kazi. Akayatazama majibu yote mawili.

"Siki moja, majibu mawili, na katikati yake lori linapita," akasema. "Kwa majibu haya sitii sahihi. Nini kilitokea?"

"Mimi nimemsaidia tu kuisuuza chupa kwa siki," Bi Kadzo akasema kwa fahari.

Mutanu akafumba macho, akayafumbua. "Basi hiyo ndiyo sababu ya jibu kubwa. Umemwongezea asidi ambayo yeye hakuihesabu. Na hili dogo? Fondo, ulisoma vipi?"

"Nilisoma... nikiwa nimesimama."

"Umesimama! Miaka yote hii kazini! Kwa nini hukuinama?"

Hapo ndipo Fondo alipotamani sakafu ipasuke. Ukweli aliujua, lakini ulikuwa na neno moja ndani yake ambalo halitamkwi mbele ya mama mkwe, hata kwa Kilatini.

"Rudia mbele yangu," Mutanu akasema. "Nikiona ubabaishaji, siki hii inakwenda maabara nyingine, na wewe utanieleza ofisini."

Fondo akafikiri kama hajawahi kufikiri. Kisha akaibeba bureti na stendi yake, akaiweka juu ya meza fupi katikati ya chumba. Akazunguka upande wa pili, akamwelekea Bi Kadzo, bureti katikati yao. Chupa ya koni akaisuuza kwa maji, akimwomba Mama kwa adabu asiiguse. Rangi ilipogeuka, akapiga magoti.

Jicho lake likawa sawa na uso wa maji. Tatizo ni kwamba upande wa pili wa kioo, sawasawa na hapo, palikuwa na uso wa Bi Kadzo. Kwa mara ya kwanza alimtazama machoni, naye akatazamwa. Aliogopa sana, lakini alisoma namba.

Alirudia mara tatu, na mara zote tatu majibu yakapatana. Asilimia nne nukta moja.

Bi Kadzo alishusha pumzi iliyosikika mpaka ngazini. Mutanu akatoa kalamu. "Cheti utapata. Lakini lile jibu la kwanza lazima niliandikie sababu. Fondo, bado sijasikia kwa nini hukuinama."

Fondo, akiwa bado magotini, akageuka rangi. Bi Kadzo akaitazama ile meza ya ukutani, akakitazama kigoda chake, kisha akamtazama kijana alivyo mrefu. Bega likaanza kumtikisika, akajifunika mdomo kwa leso, akacheka mpaka machozi.

"Mwache, mama," akamwambia Mutanu, akijipangusa. "Andika kwamba alikuwa amwonea haya mkwewe."