Omu Arobaini Chini ya Meza

Mshonaji huyu alikuwa na ugonjwa mmoja usio na dawa dukani: akishika pasi, akili humtoka. Mvuke ukipanda tu kutoka kwenye nguo, huyoo, keshaondoka. Mara yuko kwenye chumba cha utotoni akihesabu mabati ya paa, mara anatembea ndani ya shuka jeupe lisilo na mwisho, na mikunjo inamfungukia mbele mmoja baada ya mwingine. Mwili hubaki kwenye kigoda kirefu, mkono juu ya pasi. Ukimwita mara ya tatu ndipo anarudi.

Safari moja ya namna hiyo ilimponza. Miaka saba nyuma alikuwa akinyoosha koti la mumewe, koti pekee alilokuwa nalo, asubuhi ya usaili wa kazi. Aliporudi kutoka huko alikokwenda, mgongo wa koti ulikuwa na tundu lenye umbo la pasi. Mume, fundi umeme asiye na maneno mengi, alilitazama, akatoka na shati lake tu. Kazi hakuipata. Hakufoka wala hakununa, lakini pia hakusema kitu. Jioni ile na mbili zilizofuata alizimalizia chini ya meza ya kupigia pasi, akidai kwamba miguu ya meza inayumba. Mwaka jana alifariki na hilo jambo halijazungumzwa. Ndilo lililomkaa mjane wake kooni: hakujua kama alisamehewa.

Mchana mmoja wa manyunyu wifi yake alikuja na mkoba wa vifaa. Naye ni fundi umeme. Kazi alifundishwa na kaka yake, yule marehemu; mdomo alizaliwa nao.

"Haya wifi, mgonjwa yuko wapi?"

"Pasi hiyo. Inachelewa kupata moto mpaka nasinzia. Nataka kuitupa."

"Kusinzia ni kwako, usiisingizie pasi."

Aliichomeka kwenye soketi ya mezani, ile aliyoifunga marehemu mwenyewe, akaunga mita yake njiani. Umeme wa ukutani ulikuwa volti mia mbili na arobaini. Mkondo ulikuwa ampea mbili nukta nne. Akachukua chaki ya mshonaji na kuandika pembeni mwa meza. Volti akazigawa kwa ampea: ukinzani, yaani kizuizi cha umeme, omu mia moja. Volti akazizidisha kwa ampea: nguvu, wati mia tano sabini na sita.

"Hizi ni wati za kupashia maji ya kunawa," alisema.

Kisha akaichomeka pasi ileile moja kwa moja ukutani. Volti hazikubadilika, lakini ampea zilipanda hadi nne. Akagawa tena, akapata omu sitini. Akazidisha, akapata wati mia tisa na sitini. Akaitazama pasi, kisha meza.

"Wifi, pasi yako haina ugonjwa wowote. Ukutani ni omu sitini, mezani ni omu mia. Kuna arobaini zimejificha hapa katikati."

Wakaufuata waya wa soketi ya mezani. Ulishuka na mguu wa meza, na kabla ya kwenda ukutani ukaingia kwenye sanduku dogo lenye mfuniko wa bati la matundu, ambalo mshonaji huweka miguu juu yake, maana nyayo zake ni za baridi mwaka mzima.

"Hili sanduku huwa na joto?"

"Tangu kaka yako aliponiwekea, miaka saba sasa, nikipiga pasi miguu hupata joto. Nilidhani ni jua la dirishani."

"Miaka saba? Hata siku za mvua?"

Mshonaji alifikiri. "Sikuwapo," alisema, na kweli hakuwapo.

Wifi alichomoa waya ukutani, akafungua skrubu. Ndani kulikuwa na koili ya jiko la umeme, imezungushwa vizuri kwenye kipande cha tofali. Chaki ikafanya kazi tena: ampea mbili nukta nne, mara mbili nukta nne, mara omu arobaini. Wati mia mbili na thelathini, zote zimepunguzwa kwenye pasi zikapewa miguu.

Kando ya tofali palikuwa na kopo, na ndani ya kopo vipande vinne vya kitambaa. Mshonaji alilijua lile koti kabla hajaligusa. Kila kipande kilikuwa kimewekewa pasi ikaachwa juu yake, na kila kimoja kilikuwa na maandishi ya chaki, mwandiko wa mumewe. Omu kumi, dakika mbili, tundu. Omu ishirini, dakika nne, cheusi. Omu thelathini, dakika saba, kimebadilika rangi. Cha nne kilikuwa safi. Omu arobaini, dakika kumi, salama.

Alikaa chini sakafuni akalia, kipande cha nne kikiwa shavuni.

"Si angesema tu," alisema.

"Kaka yangu? Yule hata chumvi aliiomba kwa kidole." Wifi naye alikuwa akijifuta macho kwa mkono wenye vumbi la chaki. "Sasa niitoe hii koili? Pasi itapata moto mara moja."

"Ole wako uiguse."

Basi wakafunga sanduku, wakarudisha waya ukutani na pasi kwenye soketi ya mezani. Mshonaji akatandika shuka jeupe la mteja, akapanda kigoda, akaweka miguu kwenye bati. Joto likaanza kupanda polepole kutoka kwenye nyayo. Mkono ukatulia juu ya pasi, macho yakaelekea dirishani, huyoo, akaenda zake. Safari hii kulikuwa na mtu mbele yake ndani ya lile shuka, amevaa koti zima.

Wifi hakumwita. Alivuta kiti, akakaa akitazama saa ya ukutani, na ilipotimia dakika ya kumi akanyoosha mkono akaiinua pasi. Shuka lilikuwa jeupe vilevile.