Matairi ya Mombasa

Tairi la nyuma la pikipiki ya Mogire lilikuwa limekwisha. Lilikwisha mpaka nyuzi zikachungulia. La mbele lilikuwa na afadhali, afadhali ya mgonjwa aliyeanza kunywa uji. Na karibu wiki nne mbele, Alhamisi ya kwanza ya Aprili mwaka wa tisini na tatu, binti yake Ruth alikuwa anahitimu uuguzi huko Nakuru, na wazazi walikuwa wamealikwa.

"Mimi naenda na basi," alisema Gesare, mkewe. "Kile kitu chako sipandi."

Kile kitu kilikuwa BMW kuukuu ambayo Mogire aliinunua mwaka wa sabini na tisa kwa daktari Mjerumani aliyekuwa anarudi kwao. Injini yake ilitoa nje mitungi miwili ya silinda, mmoja kila ubavu, kama pembe, ndiyo sababu watu wa kijiji chao cha Ikonge waliiita Fahali. Ilikuwa pikipiki ya mwendo na ya safari ndefu, yenye kiti cha watu wawili walioshiba. Mwaka uliofuata walimwacha Ruth kwa nyanya yake, akiwa na miaka minane, wakaenda nayo mpaka Mombasa. Siku mbili barabarani. Kutoka Voi mpaka Mariakani Gesare aliimba nyimbo za kanisa huko nyuma, na upepo ukamnyang'anya nusu ya maneno. Alipofika baharini alionja maji, akatema, akasema, "Chumvi yote hii imemwagwa hapa, na Ikonge tunanunua?" Waliporudi nyumbani Mogire alikuwa na furaha isiyo na pa kwenda, akapanda mikaratusi sita kando ya mto.

Baada ya hapo maisha yakaigeuza Fahali kuwa punda. Ilibeba ndizi, ikabeba simiti, ikabeba hata nguruwe wa jirani. Gesare alikuwa hajaikalia tangu mwaka wa themanini na sita.

Mogire alitaka jambo moja tu: mkewe akae nyuma yake tena, waende mbali. Hakumwambia. Mwanamume wa kwetu hasemi jambo kama hilo. Husema habari za matairi.

"Nikiweka matairi mapya?" aliuliza.

Gesare aliendelea kuchagua mawe kwenye maharagwe. "Weka kwanza. Nikiyaona, nitasema."

Jumatatu akashuka Kisii, dukani kwa Yashwant. Yashwant alikuwa Mhindi aliyezaliwa mji huohuo, akarithi duka la spea kwa baba yake, na Ekegusii chake, lugha ya pale, kilikuwa kizuri kuliko cha vijana wengi wa sokoni. Mkewe Lata alikaa kwenye kaunta na miwani puani.

"Bwakire, mzee wa Fahali!" alimsalimu Yashwant. "Bado hujauza hicho chuma?"

"Nikiuza utamcheka nani?"

"Nitakucheka wewe ukitembea."

Mogire akaeleza shida yake. Yashwant akamjibu bila kumung'unya maneno. Kulikuwa na matairi ya matope, yenye meno makubwa, ya kuaminika kwenye njia za Manga na mashambani, bei nafuu. "Lakini kwenye lami, na mke nyuma, yatakutingisha mpaka Nakuru. Na mvua ikinyesha, yale meno yanashika lami kidogo sana. Ukiyaweka hayo, Fahali amekuwa punda wa kudumu." Au aagize Nairobi matairi ya lami ya saizi yake. Siku kumi, shilingi elfu tano na mia mbili kwa yote mawili. "Na hiyo ni bei ya leo. Unajua shilingi ilivyo mwaka huu. Ikilala usiku, asubuhi haiamki yote."

Mogire hakuwa anasikiliza. Alikuwa ameinua macho ukutani, juu ya mikanda na minyororo, ambako matairi mawili yalining'inia, bado yamefungwa karatasi ya kaki. Karatasi ilikuwa imechanika upande mmoja. Aliyajua yale meno membamba yaliyopinda kama mashina ya ngano upepo ukipita. Ni aina ile ile iliyompeleka Mombasa.

"Nataka hayo."

"Hayo hayauzwi."

"Hili ni duka au makumbusho?"

"Makumbusho," alisema Lata bila kuinua kichwa. "Hata mwenye duka ni wa makumbusho."

Yashwant aliyashusha kwa ngazi ili wamalize ubishi. "Yalikuja mwaka wa themanini. Yana miaka kumi na mitatu. Mpira unazeeka hata ukilala, bwana. Bonyeza kwa ukucha."

Mogire akabonyeza. Ukucha ulipinda, mpira haukubonyea. Katikati ya meno kulikuwa na nyufa nyembamba kama za kisigino cha mkulima.

"Ukucha wangu ndio mbovu," alisema.

Walibishana mpaka chai ya Lata ikapoa. Mwisho Yashwant akachoka. "Chukua. Mia nane yote mawili. Lakini kwenye risiti Lata ataandika: ya mapambo."

Lata akaandika hivyo hivyo, akapiga mhuri. Njiani Mogire akanunua kopo la rangi nyeusi ya viatu, shilingi ishirini na tano, maana nyufa zile aliziona, na alijua kuna mtu mwingine angeziona.

Alifunga matairi Ijumaa, akamaliza kabla jua halijazama, kwa sababu Sabato haingojei fundi. Jumapili asubuhi akayapaka rangi, akayasugua kwa soksi kuukuu mpaka yakang'aa kama viatu vya askari. Kisha akamwita Gesare.

Gesare alitoka na sketi yake nyeupe ya kanisani, aliyoifua na kuileta kuianika. Aliizunguka Fahali mara moja. Mogire alisimama ameshika kiuno.

"Ni mapya?"

"Hayajawahi kukanyaga barabara."

Hilo lilikuwa kweli. Gesare aliinama, akapitisha kiganja juu ya tairi. Kiganja kikatoka cheusi. Akakitazama. Kisha akamtazama mumewe jinsi anavyomtazama muuza nyanya aliyepanga nzuri juu.

"Nenda mpaka kituo cha kununulia majani ya chai, urudi," alisema. "Ukirudi mzima, nitapanda."

Manyunyu yalikuwa yameanza. Mogire akaondoka kwa madaha. Kwenye kona ya kituo aliinamisha Fahali kidogo tu, kama alivyoiinamisha kona elfu moja za ujana wake, na matairi yakaachia lami kwa pamoja, bila onyo, kama sabuni mkononi. Fahali ikalalia mtungi wa kushoto na kuteleza mpaka kwenye nyasi. Mogire akateleza nyuma yake kwa goti.

Manasseh, mlinzi wa kituo, alikuja mbio. "Mogire! Umekufa?"

"Ningekufa ningekujibu?"

"Sasa unalala hapo kwa nini?"

"Nakagua lami."

Alirudi akiisukuma, damu imeshuka mpaka kwenye kiatu, kioo cha kushoto kimebaki kijiti. Gesare alikuwa amesimama pale pale. Sketi nyeupe ilikuwa na alama ya vidole vitano vyeusi, alijisahau akaishika. Hakupiga kelele. Alileta maji ya moto na chumvi, akakaa chini, akaanza kuosha goti.

"Umerudi nusu," alisema.

Mogire alikaza meno.

"Maharagwe ya mwaka juzi yanang'aa kuliko ya mwaka huu," aliendelea. "Mgeni atayapenda. Lakini chemsha kutwa nzima, hayaivi. Wewe umekula kwangu miaka mingapi, na hili hujui?"

"Nilijua."

"Ulijua, ukapaka rangi."

Ikamtoka Mogire, kwa hasira kama mtu anayekiri wizi. "Ni yale ya Mombasa, Mama Ruth. Meno ni yale yale. Niliyaona nikasikia unaimba."

Mkono wa Gesare ukasimama juu ya goti. Mvua ilikuwa imeanza kupiga mabati sasa.

"Mimi sikukalia tairi," alisema. "Nilikaa nyuma yako. Tafuta tairi ambalo halitaniua."

Kesho yake Mogire alimwita Nyangate, mnunuzi wa mbao, akamwonyesha mikaratusi sita kando ya mto. Nyangate aliikumbatia mmoja mmoja kupima unene, akasema ni miti ya mtu aliyekuwa na akili. Misumeno ililia siku mbili. Mogire hakwenda kutazama.

Yashwant aliposikia habari za goti hakucheka, na kwa Yashwant hiyo ilikuwa heshima kubwa. Aliagiza. Matairi yalipofika bei ilikuwa imepanda kwa shilingi mia tisa. Meno yake yalikuwa ya kawaida kabisa, hayakumkumbusha Mogire kitu chochote. Yashwant alimwonyesha tarakimu za uzito ubavuni, kwamba yanabeba watu wawili na mzigo, na mshale wa upande wa kuzunguka. Akambonyezea ukucha, ukazama, mpira ukarudi.

"Siku mbili za kwanza polepole," alisema. "Mpira mpya nao huteleza mpaka ujue barabara."

"Na yale mengine?"

"Fungia mbuzi," alisema Lata.

Alhamisi waliondoka alfajiri, goti limefungwa kitambaa. Gesare alivaa sketi ile ile. Alama haikutoka, akaigeuzia nyuma. Mpaka Kericho alishika chuma cha kiti, amekakamaa kama mlingoti. Baada ya mashamba ya chai akaachia chuma, akamzungushia mumewe mikono tumboni. Mwaka wa themanini vidole vyake vilikutana na kufungana. Sasa havikufikiana, tumbo lilikuwa katikati.

"Umekua," alimpigia kelele sikioni.

Karibu na Londiani akaanza kuimba. Mogire hakugeuka. Kioo cha kushoto kilikuwa kipya, alimwona humo.

Hesabu ni hii. Matairi ya ukutani, mia nane. Rangi ya viatu, ishirini na tano. Kioo, mia tatu na hamsini. Matairi ya Nairobi, elfu sita na mia moja. Jumla, shilingi elfu saba, mia mbili sabini na tano. Sketi moja nyeupe. Goti moja, linalouma mvua ikikaribia, na Ikonge mvua hukaribia kila siku. Mikaratusi sita. Nauli ya basi kwa watu wawili, kwenda na kurudi, ilikuwa mia sita.