Ngoma Katikati

Mwalimu Agnella alikuwa ameipakata ngoma ya kwaya kama mtu aliyepakata mtoto wa jirani: kwa uangalifu mkubwa na bila furaha. Gari aina ya Noah alilopanda lilikuwa limesimama. Mbele yake lilisimama lori la mpunga, mbele ya lori trekta, mbele ya trekta lori jingine, na huko mwisho, juu ya daraja la njia moja, lori lililovunjika ekseli lilikuwa limekaa katikati kama bibi harusi asiyetaka kuondoka kwao.

Madereva wa barabara ya Mlimba wana dawa moja tu ya foleni, nayo ni kutanua. Anayechoka kusubiri huchomoka, huanzisha mstari wake upande wa kulia, na wenzake humfuata kwa imani kuu, mpaka barabara nzima inakuwa mistari miwili inayotazama Ifakara na hakuna inayofika. Jeremia, dereva wa Noah, alikuwa ametanua. Sasa alikuwa amezima injini na kuuegemea usukani kwa utulivu wa mtu aliyetimiza wajibu wake.

Kati ya mistari hiyo miwili ulibaki ujia mwembamba, na ndani ya ujia huo zilipita pikipiki. Zilipita na magunia, na kuku, na godoro lililokunjwa, na mbuzi aliyetazama madirishani kama mkaguzi. Zilipoikaribia Noah, Jeremia alikunja kioo cha pembeni bila hata kuinua kichwa.

"Watu hawa hawana adabu," alisema Mwalimu Agnella.

"Lakini wanafika," alijibu mzee Mayunga, mfugaji mwenye kofia ya pama, ambaye alikuwa amekaa karibu naye na fimbo yake kati ya magoti.

Kufika ndiko kulikokuwa kunamkosesha Mwalimu raha. Mashindano ya kwaya yalikuwa yameshaanza Ifakara. Waimbaji wake wa Mchombe walitangulia jana. Yeye alibaki kusubiri ngozi mpya ya ngoma ikauke, maana kwaya iliyopigiwa ngoma yenye ngozi mbichi huimba kama imetoka kulia. Mwaka jana walishika nafasi ya pili nyuma ya Namawala, na mwaka juzi vilevile. Mwaka huu alikuwa amewafundisha wimbo ambao hata yeye, mtu asiyejisifu ila inapobidi, aliukubali.

Simu ikaita. Alikuwa Brigita, binti yake, kiongozi wa sauti ya kwanza.

"Mama, uko wapi? Wanasema kwaya isiyo na mwalimu wake haipandi jukwaani."

"Niko karibu."

"Karibu na wapi?"

"Karibu na daraja."

"Wakitoka Namawala, tunafuata sisi," alisema Brigita, kisha akakata simu.

Haukupita muda mrefu, ikaonekana pikipiki moja ikija kutoka upande wa Ifakara, kinyume na wenzake wote. Ilijibana ubavuni mwa trekta kupisha wengine, ikasogea, ikajibana tena, mpaka ikafika mlangoni pa Noah. Kijana akashuka, akavua helmeti, akarudi nyuma hatua kadhaa na kukazia macho vumbi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Kelestini."

Huko kutazama chini ndiko kulikomuudhi. Kwao, mkwe hamkazii macho mama mkwe, hamgusi, wala hakai naye mkeka mmoja. Na ikibidi wakae karibu, lazima kuwe na kitu katikati yao. Ni desturi nzuri, na Mwalimu Agnella aliipenda. Lakini hayo yalikuwa mambo ya mkwe, na Kelestini hakuwa mkwe. Wazee wake walikuja kumposa Brigita, wakaja tena, na kila safari Mwalimu aliwapikia wali na kuku, akawaaga na jibu kwamba bado anafikiri. Kijana huyu alikuwa amejitwalia heshima ambayo hajakabidhiwa, kama mtu anayejiunga na kwaya akiwa na joho alilojishonea nyumbani.

Kilichomfanya afikiri ni kitu alichokiona kwa macho yake sokoni Ifakara: Kelestini akipita kati ya malori mawili, amesimama wima kwenye pikipiki, anapiga mluzi. Binti alikuwa naye mmoja tu. Angemkabidhi vipi kwa mtu anayeona nafasi mahali ambapo wenzake wanaona ukuta?

"Umepita hapa kwa bahati," alisema.

"Hapana, mama. Brigita kanipigia. Nimekuja kukuchukua."

Mzee Mayunga aligeuka taratibu, kama mtu aliyesikia chakula kinapakuliwa. "Panda, mama. Au huyu ni mkwe?"

Noah nzima ilitega masikio. Hata mtoto aliyekuwa akilia kiti cha nyuma aliahirisha.

"Si mkwe," alisema Mwalimu Agnella.

"Basi ni bodaboda. Panda."

"Ni bodaboda," alikubali, akijisikia ameingia kwenye mtego uliotegwa vizuri. "Nitapanda kama abiria mwingine yeyote."

Alishuka na ngoma yake. Kelestini aliipokea bila kugusa vidole vyake. Mwalimu alisubiri aione ikifungwa kwenye keria, chuma kile cha nyuma cha kubebea mizigo. Kijana hakufanya hivyo. Aliiweka katikati ya siti, nyuma tu ya mahali anapokaa yeye, akaizungushia mpira na kuukaza. Kilichobaki kwa abiria kilikuwa ncha ya mto na hicho chuma, ambacho alikitandikia koti lake.

"Mzigo hukaa nyuma," alisema Mwalimu Agnella.

"Ndiyo, mama. Kwa abiria, mzigo hukaa nyuma."

Alikuwa akiitazama tairi kama inayomsomea somo la jioni. Ndani ya Noah mtu alikohoa. Alikuwa mzee Mayunga, na hakuwa na mafua.

Hapo Mwalimu alielewa kwamba posa imeletwa tena, safari hii bila wazee na bila kuku. Akisema ngoma ihamishwe, atakwenda hadi Ifakara kifua chake kikigusa mgongo wa huyu kijana mbele ya mistari miwili ya watu wanaomfahamu, na neno "mkwe" halitatamkika tena kati yao bila aibu. Akiiacha, atakuwa amejibu.

"Tunachelewa," alisema, kwa kuwa hilo halikuwa jibu. Akapanda kwa upande, miguu pamoja, kama inavyompasa mama wa heshima.

"Samahani, mama. Kwa upande hatutapita. Miguu itabaki kwenye lori."

Hivyo ndivyo Mwalimu Agnella, mlezi wa kwaya na mjumbe wa kamati ya kigango, alivyokaza kitenge chake, akapanua miguu na kuikumbatia ngoma mchana kweupe.

Waliingia kwenye ujia. Kelestini hakupiga mluzi. Kila alipolifikia lori alipiga bodi yake kwa kiganja, ili dereva ajue kuna mtu ubavuni. Palipobana alisimama akapisha waliobeba watoto. Pita, ngoja, pita. Kila tairi ilipoangukia shimo, ngoma iliguna, na Mwalimu, bila kukusudia, akaanza kuhesabu mapigo. Dirishani mwa basi dogo alitokea Obadia, katekista wao, mdomo wazi.

"Mwalimu?"

"Tumsifu Yesu Kristo, katekista."

"Milele amina," alijibu Obadia, na alipomaliza walikuwa wameshalivuka basi.

Karibu na daraja, dereva wa lori moja aliamua kutanua zaidi, akaanza kuuziba ujia. Kelestini akafunga breki. Mwalimu Agnella aliinua sauti ile ambayo besi wa Mchombe huiogopa kuliko radi.

"Wewe kijana wa lori. Rudi kushoto."

Lori likarudi kushoto. Wakapita, na kitu kikampanda Mwalimu kifuani, kitamu na chepesi, ambacho angekiita furaha kama kingempata mtu mwingine. Nafasi ilikuwa imeonekana, na safari hii aliyeiona ni yeye.

Walijipenyeza ubavuni mwa lori bovu, wakavuka. Ng'ambo ya daraja magari ya kutoka Ifakara yalikuwa yamekwisha kugeuza, barabara ilikuwa tupu, mashamba ya mpunga yakiwa ya dhahabu kila upande. Kelestini alisimama pembeni. Hakugeuka.

"Mama, hapa hakuna foleni. Chuma kinaumiza. Nikiihamishia ngoma nyuma, utakaa kwenye mto."

Kilikuwa kinaumiza kweli. Mwalimu alikitafakari chuma, akautafakari mto, akautazama mgongo ule uliokuwa umenyooka ukisubiri. Upepo ulipita kwenye mpunga.

"Iache hapo ilipo," alisema.

Pikipiki, ilipoondoka, iliondoka taratibu mno, kama inayobeba mayai.

Walipoingia uani mwa kanisa, Namawala walikuwa wakishuka jukwaani na Mchombe walikuwa wamesimama nje katika majoho yao, sura za watu waliokwisha kujizika. Walipiga vigelegele. Brigita peke yake hakupiga. Alimwona mama yake juu ya chuma, akaiona siti, akaiona ngoma ilivyofungwa katikati, na mkono wake ukapanda polepole kuziba mdomo. Kelestini alikuwa ameshashuka, anatazama chini.

Mwalimu Agnella alishuka, akanyoosha kitenge, akaifungua ngoma mwenyewe.

"Pangeni mistari," alisema. "Na wewe, sauti ya kwanza, tunakwenda kuimba. Hatuendi kucheka."