Ndani ya Bwana Mrefu

Athanase alichaguliwa kwa sababu ya urefu wake. Mtu aliyezoea kumbeba Bwana Mrefu, sanamu ya hekalu la Kichina hapa Durban, alikuwa amevunjika mguu, na Mzee Lin, mwenye duka la vitambaa ambako Athanase alipakua mizigo, akamwomba ashike nafasi yake kwenye maandamano ya miungu siku ya Jumamosi.

"Unaingia ndani, unatembea," alisema. "Ila ukishaingia, usiseme neno mpaka turudi hekaluni."

Akampeleka kumwona Bwana Mrefu. Lilikuwa umbo la mianzi lililovikwa joho jeupe, refu kupita mlango. Uso ulikuwa mweupe, nyusi zimeshuka, na ulimi mwekundu ulining'inia hadi kifuani. Kando yake alisimama mwenzake, mfupi, uso mweusi, macho yamemtoka. Athanase, mwanakwaya wa kanisa la Wakongo, alirudi nyuma hatua moja.

"Juu ya nini iko na ulimi hivi?"

Mzee Lin, aliyejifunza Kiswahili Dar es Salaam, alimweleza bila haraka. Zamani hao walikuwa watu, marafiki wawili. Siku moja mvua iliwakuta chini ya daraja. Mrefu akamwambia mfupi angoje hapo, akakimbilia nyumbani kuchukua mwavuli. Mto ukafurika. Mfupi hakuondoka, kwa sababu aliambiwa angoje. Mrefu aliporudi na kuukuta mwili, alijinyonga; ndiyo sababu ulimi wake unaning'inia.

"Sasa wanakamata roho mbaya, wote wawili," alimalizia.

Mwaka wa mafuriko makubwa ya Durban Athanase alimwacha mdogo wake Prodige ukingoni mwa mto, akaenda kutafuta kamba. Alimwambia asisogee. Aliporudi, ukingo wenyewe haukuwepo. Hayo hakuwahi kumwambia mtu.

Jumamosi asubuhi alivishwa. Aliona njia kupitia tundu tumboni mwa joho. Ngoma zikalia, fataki zikapasuka, na mbele yake mfupi akatembea akiyumba. Ndani ya yule mfupi alikuwemo mpwa wa Mzee Lin, fundi wa meno. Athanase alijikumbusha hilo kila hatua.

Mvua ikaanza. Robot, taa ya barabarani, ikawa nyekundu, msafara ukasimama. Mfupi aligeuka, akamtazama, akatulia palepale. Maji ya mtaro yalipanda barabarani, yakavifunika viatu vyake. Hakusogea.

"Prodige," Athanase alisema. "Toka kwenye maji."

Ngoma zilinyamaza. Mzee Lin alisogea, akaushika mwanzi.

"Unasema na nani?"

"Mdogo wangu. Mi ndiye nilimwambia angoje."

Mzee hakumkaripia. Alimvuta mfupi hadi ubavuni pa Athanase. "Tembeeni pamoja."

Walitembea. Athanase hakuthubutu kugeuka kumtazama aliyekuwa karibu naye.

Hekaluni ilibidi watu wawili wamtoe kwenye mianzi. Alikaa chini, akapiga simu kwao Uvira. Mama yake alipoitika, hofu ilimbana zaidi kuliko alipokuwa ndani ya joho.

"Mama, ile siku ya maji," alisema, "iko kitu sikukwambia."