Maua ya Kujazia Shada

Mikono ilikuwa inaniwasha tangu asubuhi, na mimi nikiwashwa sina adabu. Nilikuwa nafunga shada la maziko bwana shamba alipoingia dukani kwangu na kuchomoa tawi la maua meupe bila hata salamu.

"Mama Maua, haya umeyatoa wapi?"

"Kando ya barabara. Ya kujazia tu, sinunui."

"Rahisi ghali. Tazama: majani kama ya karoti, kiua cheupe chenye pembe tano. Hili ni gugu karoti. Mche mmoja una maelfu ya mbegu, zinasafiri na maji, na matope ya viatu, na matairi." Akanitazama vidole. "Vipele hivyo ni kazi yake. Mwenye pumu ndiyo kabisa, litamziba kifua. Kule makaburini limeota mafungu mafungu, sijui lilifikaje."

Mimi nilijua. Mwaka mzima mashada ya makaburini yametoka kwangu, na la kwanza lilikuwa la mama yetu.

Na mwenye pumu ninaye, dada yangu. Kila jioni huenda kuyamwagilia yale maua kaburini, akarudi anakohoa, akasema ni majonzi. "Mama kajioteshea maua mwenyewe," huniambia. Nami, mjuzi wa maua, nilikuwa naitikia!

Hata duka sikufunga. Nilijivika mifuko ya plastiki mikononi, nikabeba gunia, mbio hadi kaburini kwa mama. Nikang'oa huku nimebana pumzi, nikijilaani kwa sauti. Fungu la mwisho lilikuwa mkononi niliposikia mtu anapumua kwa mluzi nyuma yangu.

"Unamng'olea mama maua yake?"

"Si maua, dada. Ni magugu, nami ndiye niliyeyaleta, kwenye shada. Ndiyo yanayokuziba kifua."

Nikangoja matusi. Dada ana ulimi, hata mwenye nyumba wake humwogopa. Lakini aliketi chini, mkono kifuani, mpaka pumzi ikamrudia. Niliona aibu kumtazama.

"Funga gunia lako," alisema. "Twende kwangu."

"Ukapumzike?"

"Ukang'oe. Nimeyapanda chini ya dirisha la chumbani, mistari miwili. Nilitaka kila nikiamka nimwone mama."